Chakula cha Kupeleka Kwenye Mkutano wa Ukoo: Kisa cha Sufuria ya Wali Iliyobaki Nyumbani

Kisa hiki nimekiunda kutokana na mambo yanayojirudia katika karamu za kuchangia vyakula, zile ambazo kila nyumba huja na chakula chake na vyote vikawekwa kwenye meza moja. Wahusika hawana majina. Vyeo vyao vya ukoo vinatosha.

Mwanamke ameolewa mwaka jana. Ukoo wa mume unakutana Jumamosi, watu wapatao 40 kutoka nyumba 14, kwenye ukumbi wa kukodi ulio mwendo wa saa 3 kwa gari kutoka anakoishi. Ujumbe ulioingia kwenye kundi la familia ni mfupi: "Kila nyumba ije na chakula kimoja, cha kutosha. Tunakula saa sita mchana." Basi. Ukumbini kuna jiko moja la plate mbili na friji ndogo, na anayeijua mikutano ya namna hii anajua kwamba friji hiyo itajaa soda kabla wageni hawajaanza hata kusalimiana.

Mume hana shaka. "Pika ule wali wako wa kuku. Nani hapendi wali wa kuku?"

Ni kweli, wali wake ni mzuri. Wifi yake alishausifu mbele ya watu, na kwa mke ambaye bado ni mgeni katika ukoo, sifa hiyo ni ya kulindwa. Lakini hapo ndipo uamuzi wake unapoanza kwenda kombo. Anatafuta chakula kitakachomtambulisha kabla hajajiuliza chakula hicho kitakuwa wapi, na katika hali gani, tangu kitoke jikoni kwake hadi kifike kwenye sahani ya mtu.

Hesabu ya saa

Ili gari liondoke saa kumi na mbili asubuhi, wali uwe umeiva saa kumi na moja alfajiri. Wanafika ukumbini saa tatu. Tangazo linasema chakula ni saa sita, lakini kuna sala, kuna utambulisho, kuna hotuba, na kuna picha ya pamoja ambayo haipigwi mpaka mjomba mmoja aliyeko njiani afike. Mimi ningeandika saa nane na nisingebishana na mtu. Tangu alfajiri, huo ni muda wa saa 9.

Shirika la Afya Duniani lina kanuni tano za usalama wa chakula ambazo limekuwa likizieneza tangu 2001. Moja yazo inasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi kikae chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo bakteria huzaliana kwa raha zao. Idara ya Kilimo ya Marekani inapunguza muda huo uwe saa 1 pale joto la hewa linapopita nyuzi 32, na buti la gari lililoegeshwa juani hupita hapo bila shida.

Wali una tatizo lake la pekee ambalo wapishi wengi wazuri hawalijui, kwa sababu wali uliokaa vibaya haunuki wala hauonekani kuharibika. Punje mbichi mara nyingi hutoka shambani na bakteria aitwaye Bacillus cereus akiwa katika hali ya spora, yaani amejifungia ndani ya ganda gumu. Kuchemsha hakuziui spora hizo. Wali ukiiva kisha ukabaki vuguvugu, spora huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu inayomfanya mtu atapike, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula. Sumu hiyo ikishatengenezwa, kupasha moto hakuiondoi. Inavumilia joto kubwa kuliko la maji yanayochemka. Kwa hiyo ule usemi wa "tutaupasha tukifika" hautibu wali uliokwisha kukaa vibaya njiani.

Kuku naye ana wake. Nyama iliyopikwa kwenye chungu kikubwa ikapoa polepole ndiyo mazingira anayoyapenda bakteria mwingine, Clostridium perfringens, ambaye katika joto linalomfaa, nyuzi arobaini na kitu hivi, huweza kujigawa mara mbili kila dakika 10 au chini ya hapo. Fanya hesabu: mmoja huwa 64 baada ya saa 1, na 4,096 baada ya saa 2. Walioathirika huumwa tumbo na kuhara kati ya saa 6 na 24 baadaye, yaani wakiwa wamesharudi makwao, na kila mtu akilaumu maji ya safarini.

Mume ana jibu: hotipoti. Si jibu baya. Chombo kikubwa kinachotunza joto, kikijazwa hadi juu chakula kikiwa bado kinatoa mvuke na kisifunguliwe, huweza kuliweka joto juu ya nyuzi 60 kwa saa kadhaa. Lakini saa 9 ni nyingi mno, na hotipoti za nyumbani zimetengenezwa kwa ajili ya chakula cha familia moja. Isitoshe, kuna mtu atafunua aonje. Daima kuna mtu atafunua aonje.

Kuna jambo jingine kabla hata ya safari: anajua kupika wali wa watu 6, hajawahi kupika wa watu 40. Mpishi akizidisha kila kitu mara saba hapati chakula kilekile kwa wingi. Sehemu kubwa ya maji ya wali huingia ndani ya punje, na hayo yanaongezeka sawasawa na mchele. Mengine hupotea kwa mvuke, na huo unategemea upana wa sufuria na muda wa kupika. Sufuria kubwa ina uwazi mdogo kulingana na ujazo wake, kwa hiyo mvuke unaopotea kwa kila kilo ni mchache. Akizidisha maji kwa kipimo kilekile, wali wa chini utakuwa bokoboko. Na kadiri tabaka la wali linavyokuwa nene, ndivyo moto unavyochelewa kufika juu: chini kunaungua, juu kuna kiini. Kujifunza hayo usiku wa kuamkia mkutano wa wakwe ni ujasiri nisioupendekeza kwa mtu yeyote.

Simu kwa shangazi

Uamuzi wake wa kwanza wa maana haukuhusu chakula. Alipiga simu. Ujumbe wa kundini haukusema nani anapika nini, na swali la "nilete nini?" halisaidii sana, maana hujibiwa "chochote tu". Swali linalosaidia ni nani amekwisha kuchukua nini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeona tunakutana?"

"Nimeona. Nilikuwa nawaza kuja na wali wa kuku, nikasema nikuulize kwanza."

"Wali napika mimi kila tukikutana. Nakaa dakika chache tu kutoka ukumbini, nitaupalia mkaa juu wakati wanapiga picha. Wewe unatoka mbali, lete kitu ambacho hakitakupa presha njiani."

Hapo mambo mawili yaliamuliwa kwa pamoja. La kwanza ni la heshima: mke mgeni angetua na wali wa kuku kando ya wali wa shangazi, watu wangelazimika kulinganisha, na hakuna matokeo ya mashindano hayo ambayo yangemfaa. Angeshindwa, aibu. Angeshinda, balaa zaidi. La pili ndilo ninaloliona kubwa. Wali uleule ambao ni chakula kibaya kwa anayetoka mwendo wa saa 3 ni chakula kizuri kabisa kwa anayepika jirani na ukumbi, kwa sababu unatoka motoni na kwenda mezani. Anayepanga karamu ya namna hii angegawa vyakula kwa umbali kwanza, ladha baadaye: walio karibu walete vya moto, walio mbali walete vinavyoliwa bila kupashwa. Ujumbe wa kundini ungeweza kusema hivyo kwa mstari mmoja tu.

Vilivyobaki kwenye orodha

Saladi ya viazi na mayonezi ilikuwa ya pili kwenye orodha yake, na hii ina sifa mbaya ambayo nusu yake si ya haki. Watu husema mayonezi huharibika upesi. Mayonezi ya kiwandani ina siki ya kutosha kuwa chachu, na uchachu huo huwabana bakteria. Lawama zaidi ni kwa viazi vilivyochemshwa, ambavyo havina uchachu wowote, na kwa mikono iliyovimenya na kuvikata baada ya kuiva, kwa kuwa bakteria aitwaye Staphylococcus aureus huishi kwenye ngozi na puani mwa watu wazima wasio na ugonjwa wowote. Mayonezi ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi ni habari nyingine, na mke wa shemeji yake ni mjamzito, hivyo hiyo ilifutwa bila mjadala. Saladi yenyewe ingeweza kwenda kwenye boksi la barafu, lakini shangazi alidokeza kwamba nyumba mbili tayari zimesema zitaileta.

Kuku wa kuoka: saa 9 zilezile, tatizo lilelile. Matunda yaliyokatwa ni mazuri lakini hulainika na kutoa maji, na tikiti likishakatwa linahitaji baridi kama nyama. Keki kavu isiyo na krimu ndiyo inayosafiri vizuri kuliko vyote, na kama angekuwa mwokaji ningemwambia aoke alale. Si mwokaji.

Ikabaki saladi ya maharage: maharage mekundu yaliyochemshwa, pilipili hoho, karoti, kitunguu, mafuta, siki na limau. Hakuna anayepigiwa makofi kwa saladi ya maharage, nalikubali hilo. Lakini tazama meza itakavyokuwa: wali, nyama za aina tatu au nne, viazi, vitamu. Binamu wawili hawali nyama, na mara nyingi katika mikutano hii huambulia wali mtupu na kachumbari. Baba mkwe ana kisukari, na maharage hupandisha sukari ya damu taratibu kuliko wali au viazi. Bibi mwenye meno ya bandia anaweza kuyatafuna, mradi hoho na karoti zikatwe ndogo. Chakula kimoja kinajaza mapengo yote hayo, na hakihitaji moto wala jiko la plate mbili ambalo watu sita watakuwa wanaligombania.

Karanga

Mapishi yake ya saladi hii humalizia kwa karanga za kukaanga juu, na kuna mtoto wa wifi mwenye mzio wa karanga. Kuziondoa ilikuwa rahisi. Aliwaza kuweka ufuta badala yake, nami ningemzuia, kwa sababu ufuta nao huwasumbua watu wa kutosha hata Marekani ikauongeza kwenye orodha ya vyakula tisa ambavyo sheria inalazimisha vitajwe kwenye pakiti, kuanzia Januari 2023. Hana sababu ya kubadilisha hatari anayoijua na nyingine asiyoijua.

Kuna swali ambalo wengi hulisahau: karanga si jamii moja na korosho, ni jamii moja na maharage. Wengi wenye mzio wa karanga hula maharage bila tatizo, ila wapo wachache yanaowadhuru. Hili haliamuliwi kwa kusoma, linaamuliwa kwa kumpigia mama mtoto. Wifi alisema mtoto anakula maharage nyumbani siku zote. Akaongeza kwamba kinachomtisha zaidi ni vijiko: mtu anachota kwenye chakula chenye karanga, kisha kijiko hichohicho kinaingia kwenye chakula kisicho nazo. Moto hauondoi chembe za karanga zilizokwisha kugusana na chakula, wala kufuta kijiko kwa leso. Wakakubaliana mtoto apakuliwe kwanza, kabla mstari haujaanza, na kila trei iwe na kijiko chake. Mke alikata kipande cha karatasi ngumu akaandika viungo vyote, pamoja na aina ya mafuta, maana yapo pia mafuta ya karanga. Ningependa kuona karatasi ya namna hiyo kwenye kila chakula, wali wa shangazi ukiwamo, ingawa sijui nani angekuwa na ujasiri wa kumwambia.

"Cha kutosha" ni kiasi gani?

Kila nyumba ikipika kwa ajili ya watu 40, nyumba 14 zitaleta sehemu 560. Tumbo la mtu halipanuki kwa sababu meza ni ndefu. Anayeona vyakula 14 huchota kidogo kidogo, pengine kwenye saba, na sehemu ya kila kimoja ni kijiko kimoja kikubwa au viwili. Kwa saladi, nakadiria gramu 80 kwa mtu, ingawa watoto watachukua chache na binamu wasiokula nyama watachukua mara mbili. Gramu 80 kwa watu 40 ni kilo 3.2. Kilo 1 ya maharage makavu huwa kama kilo 2.3 yakishaiva, na mboga za kilo 1 hukamilisha hesabu. Kilo moja ya maharage, basi. Mama mkwe angeona ni kidogo. Ndiyo maana alifanya kilo moja na robo, na hiyo robo ni ya mama mkwe, si ya njaa.

Maandalizi hayakuwa na makeke, ila mambo machache hayana mzaha. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, na punje nne au tano zisizoiva zinaweza kumtapisha mtu. Yalowekwe saa 5 au zaidi, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu katika maji mapya. Dakika 10 za kutokota ndicho kiwango cha chini kinachotajwa, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hushauri 30. Moto mdogo usiofikisha maji kwenye kuchemka huweza kuyafanya yawe hatari zaidi kuliko yakiwa mabichi. Siki na limau huingia baada ya kuiva, kwa kuwa uchachu ukitangulia maharage hubaki magumu hata uyapike mpaka usiku.

Kisha kupoza. Majiko ya kibiashara ya Marekani hufuata kipimo hiki: kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, na kufika 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Sufuria nzima ya maharage ikiingizwa kwenye friji kama ilivyo haifikii hapo, katikati hubaki na joto kwa muda mrefu. Aliyatandaza kwenye trei mbili, kina cha vidole viwili, yakapoa upesi, na Ijumaa usiku yakalala na siki yake, jambo linaloyapa ladha. Kitunguu na hoho vilichanganywa alfajiri ili visilegee. Chumvi aliiweka nyingi kidogo kuliko kawaida yake, kwa sababu ubaridi huificha.

Swali moja lilimsumbua: kama kuna siki, barafu ya nini? Siki inasaidia, lakini kiasi alichomimina hakijapimwa, na katikati ya punje ya harage uchachu huchelewa kufika. Kwa hiyo boksi la barafu lilikwenda, na chupa za maji zilizogandishwa zikapangwa juu na chini ya trei.

Mezani

Chakula kilianza saa nane na robo. Trei moja ilitoka, ya pili ikabaki kwenye barafu. Mjomba alionja, akatazama trei, akauliza kwa sauti, "Haya maharage mmesahau kuyapasha?" Watu wakacheka, na kwa sekunde kadhaa mke alitamani angesikiliza ushauri wa mumewe. Shangazi ndiye aliyechota vijiko viwili akaenda kukaa. Binamu wasiokula nyama walirudi. Baba mkwe naye alirudi.

Hata hivyo trei ya pili haikuisha, na sababu yake ni mahali. Saladi iliwekwa mwisho wa meza, baada ya wali, kuku na viazi, na watu walifika pale sahani zikiwa zimejaa. Chakula kinachotangulia kwenye mstari huchotwa zaidi, ndivyo ilivyo kwenye meza yoyote ya kujipakulia. Angefika mapema akaomba mboga zikae mwanzoni, baba mkwe angepata maharage mengi zaidi na wali mchache kuliko alivyopata. Hilo lilikuwa ndani ya uwezo wake, kwa kuwa alikuwa pale tangu saa tatu.

Saa kumi na moja kasorobo mama mkwe alianza kufunga mabaki. Saladi kidogo iliyosalia kwenye trei ya kwanza ilikuwa nje saa 2 na nusu, ikamwagwa. Ya pili ilitolewa saa tisa na nusu, ikarudi kwenye barafu iliyokuwa bado haijayeyuka, akapewa binamu anayekaa karibu. Ndipo mama mkwe akaleta bakuli kubwa la wali uliokuwa mezani tangu saa nane. "Chukua, mtakula usiku." Mbele ya wakwe hilo halikataliwi kwa kutaja bakteria. Alisema, "Mama, wali huu hautafika salama na safari ya saa tatu. Kama naruhusiwa kuchagua, nipe ile keki." Mama mkwe alikata nusu nzima, akaifunga. Keki kavu haikuhitaji barafu, na boksi lilikuwa limeshajaa vyombo vichafu.